Kiazi Kikuu cha Harusi

Bi Somoe alipokichimbua kile kiazi kikuu, kizito kama mtoto wa kubebwa, majirani walipiga vigelegele. Kikifika harusini kizima, wale waliosema shamba lake limechoka watafunga midomo.

Mjukuu wake Shemsa akagusa kitundu kidogo ubavuni mwa kiazi.

"Bibi, humu anakaa nani?"

"Mdudu."

"Ana macho?"

Bi Somoe hakujua. Maisha yake yote alikuwa akiwatupa tu. Akachukua panga.

"We Somoe, una wazimu?" shoga yake akamaka. "Utapeleka vipande harusini?"

"Nitapeleka. Mjukuu wangu kauliza."

Akakipasua. Shemsa akatangulia njiani, buu jeupe likijikunja kiganjani mwake. Bi Somoe akafuata na vipande kichwani, shingo kainyoosha kama bibi harusi.