Mkate wa Leo

Sheria inasema mkate ukiwa bado umo ndani ya ngozi, ni mkate wa leo, hata ukiwa wa miaka mingapi. Ngozi ni kile kifungashio cha mwani kinachozuia ukungu, na kikilowa maji kinayeyuka kama sukari.

Zamzam, marehemu mke wa mume wangu Haji, alipojua haponi alioka mikate ya kumimina, ile ya mchele, arobaini, akaifunga yote. Kila Idi, Haji anafungua mmoja, na nyumba nzima inanukia iliki ya mwanamke nisiyemjua.

"Karibu, Mama Ilham," ananiambia. "Wa leo huu."

Wangu huwa nimeuoka alfajiri, uko kwenye sinia, unakauka.

Jana, siku ya Idi, mwanetu Ilham, ana miaka mitatu, alitafuna kipande akafumba macho. "Mama, huu kapika nani?"

"Mama yako mkubwa."

"Anakuja lini?"

Haji alipokwenda kuswali alasiri, nilijaza ndoo maji nikafungua kabati, niitumbukize yote iliyobaki. Nikashika mmoja. Ulikuwa laini kama shavu la mtoto aliyelala. Juu ya ngozi Zamzam ameandika kwa kalamu: "Wa Haji, na mwenzangu atakayekuja."

Nikaurudisha.

Mimi siumwi, namshukuru Mungu. Lakini leo nimeroweka mchele wa mikate hamsini, na ngozi nimeshaziandika zote: "Wa Haji na Ilham tu."