Baba wa Nani Huyu?

Kufikia mzazi wa tatu, darasa lilikuwa limeshampa mwoka mikate mtoto asiye wake, na mwenyewe hakufurahi hata kidogo.

"Jamani, mimi na huyu tunafanana wapi?" aliuliza. "Hebu kitazameni hicho kichwa!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu wa sayansi alitabasamu kwa meno tu. Nyuma kabisa alikaa mkaguzi, amejikunja kwenye dawati la watoto, kalamu mkononi. Mwalimu alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Somo likiharibika leo, kazi hana.

Na alikuwa amelipanga vizuri, maskini. Somo la sifa za kurithi. Aliwaita wazazi wanne ambao hawajawahi kukanyaga shuleni hapo, na wa aina hiyo, ashukuriwe Mungu, hawakosekani. Watoto wao walikatazwa kufungua mdomo, wenzao wakaambiwa watafute nani ni wa nani. Tazameni masikio. Tazameni vishimo vya mashavuni, tazameni nywele zilivyoanzia kwenye paji la uso. Vinasaba vitasema vyenyewe.

Vikasema uongo mtupu. Muuguzi alipewa mtoto wa mwenye duka, mwenye duka akapewa kiranja, ambaye baba yake alikuwa safarini. Mkaguzi aliandika kitu, akakipigia mstari.

Akabaki fundi magari, ovaroli imelowa oili. Alisimama, akajivuta sikio, akacheka kwa aibu. Kicheko chake kilianzia puani, kikakwama, kisha kikalipuka kwa mkupuo.

Darasa zima likageukia dirishani. Pale alikuwepo msichana mmoja, sikio mkononi, anapambana na kicheko kile kile. Kikamshinda.

"Ni huyu! Ni huyu!" walipiga kelele. "Wewe, ni kopi kabisa!"

Mwalimu nusura alie kwa furaha. Mkaguzi naye aliinuka, uso umechangamka, akaja mbele na kuwasimamisha fundi na msichana bega kwa bega. Bila kuambiwa, wote wawili wakalaza kichwa upande wa kushoto.

"Mnaona, wanangu?" alisema mkaguzi. "Haya hayafundishwi. Haya mtu anazaliwa nayo. Mwalimu, hongera sana, hili ndilo somo!" Akamgeukia fundi. "Sasa baba, tumalizie. Kicheko hiki umekirithi kwa nani? Kwa baba au kwa mama?"

Fundi alimtazama kwanza msichana. Msichana akaitikia kwa kichwa, kwamba sema tu.

"Kwake yeye," alisema fundi. "Nilipomwoa mama yake, huyu alikuwa na miaka sita, na hakutaka hata kuniona. Nikawa namwiga kila kitu, angalau acheke. Sasa hata nikitaka kuacha, siwezi."