Kengele ya Mbele

Siku ya tatu mlimani, ukungu ukatumeza.

“Usiogope, shemeji,” alisema kaka wa mume wangu, mchungaji wa huko juu. “Tufuate kengele ya kundi. Kondoo hajipeleki gengeni.”

Ililia mbele, ililia nyuma. “Kundi limetuzunguka,” akacheka.

Nikainama kufunga kamba za kiatu. Kengele ikanyamaza.

Nikainuka. Ikalia.

Nikapapasa begi. Begini mwangu nilikuwa na kengele mpya, zawadi ya baba mkwe, na kitambaa nilichofungia ulimi wake kilikuwa kimefunguka. Kumbe tulifuata mwangwi wake, kutoka ng'ambo ya korongo.

“Shemeji, simama!”

“Nini tena? Kondoo hawa hapa, hatua mbili tu.”

Jiwe likamponyoka chini ya kiatu. Nikangoja kulisikia likitua.