Zima Hiyo

Kitu kikaanza kulia ubavuni mwa kitanda. Mbeyu akaruka, nusura amwage uji.

"Zima hiyo!" Purity, muuguzi wa zamu, alipaza sauti kutoka mwisho wa wodi. Alikuwa amemkumbatia mgonjwa aliyeangushwa na kifafa. "Mama, izime upesi! Itamuua mzee!"

Mzee mwenyewe ni Tembo, mume wa Mbeyu, mlinzi wa hoteli huko Diani. Tangu alfajiri alikuwa akipumua kwa mashine ya hewa, na alitakiwa afike hospitali kubwa ya Mombasa akiwa hai. Mkubwa wake wa kazi, Nzioka, alikuwa amekuja na simu ya mkononi, na simu hizo wakati huo zilikuwa za kuhesabu. Purity alimwambia aizime, zinavuruga mitambo.

"Sista, usiwe na wasi, hii kitu nimezima kitambo," Nzioka alicheka. Akalitundika koti lake juu ya mashine, akaenda kumhimiza dereva wa gari la wagonjwa.

Huko kwao Mkongani, Mbeyu alizisikia simu hizo kwenye mazungumzo tu. Lakini mume ni wake. Akapenyeza mkono chini ya koti, akapapasa, akakipata kitufe. Akakibonyeza kwa nguvu zake zote.

Kilio kikakatika.

"Nimezima, sista!"

"Asante, mama. Mungu akubariki."

Wodi ikawa kimya hata kunguru wakasikika juu ya mabati. Mbeyu alifurahi, kusema kweli. Siku nzima amekuwa mtu wa kuambiwa kaa hapo, usiguse. Sasa naye amemfaa mumewe. Moyoni alishajua kwamba hatapona. Alitaka tu wafike pamoja huko wanakokwenda. Akamfuta jasho. Tembo, aliyehangaika usiku kucha, alikuwa ametulia.

Nzioka akaingia mbio. "Gari iko mlangoni! Twende!"

Akalinyakua koti lake. Mfukoni mwa koti, simu ikaanza kulia tena.

Purity akaja akijifuta mikono, uso umekunjamana, tayari kumgombeza. Akalitazama koti. Kisha akatazama pale lilipokuwa limetundikwa.

"Mama," akauliza, "wewe ulizima nini?"