Kobe na Watu Wake Wawili

Sheria ilikuwa moja tu: anayetoka kisiwani Ngwale huacha langoni kumbukumbu ya yote aliyoyaona huko, ili majangili wasipate wa kuwaelekeza. Bikombo alikuwa amekwenda mara sita, na kila mara alirudi na mchanga viatuni, basi. "Unafuata nini huko?" mama yake alimwuliza, siku alipomkataa mchumba wa tatu. Bikombo mwenyewe alitaka kujua. Ndiyo maana akaenda tena.

Kwenye magofu ya msikiti wa kale, kobe mkubwa alitoka kivulini, akamjia moja kwa moja, akanyoosha shingo. Mkono wa Bikombo ukamkuna chini ya kidevu kana kwamba umezoea.

"Humjia kila mgeni hivi?" alimwuliza Silima, mlinzi wa kisiwa.

"Ana watu wake wawili tu, dada."

"Wa pili nani?"

"Alikuwapo juzi. Alikaa hapo hapo ulipokaa, akaniuliza swali hilo hilo."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia wewe huja Alhamisi. Akaapa kwamba leo atakuja mapema akungoje. Kisha akapita langoni."