Uwanja wa Korongo

Alikuwapo Korongo mmoja aliyependa makuu. Alifyeka uwanja mpana, akaitangazia mbuga nzima kwamba hapo ndipo patakuwa baraza la wanyama wote.

Wa kwanza kufika walikuwa Kanga na dada zake, wakaanza kupiga soga. Korongo akaona haya. "Mabibi, sogeeni kando. Nawangoja wakubwa."

"Sisi tumekuja kuzungumza, bwana, hatukuja kungoja," akasema Kanga. Wakaondoka, wakaenda kubanana mlangoni kwa Nungunungu, ambaye aliwapisha kwa furaha.

Tembo alipofika uwanjani hakumkuta yeyote. "Sasa nizungumze na nani?" akauliza. Akasikia vicheko kwa Nungunungu, akaelekea huko. Nyati naye vivyo hivyo, na Twiga.

Korongo alikaa peke yake mpaka nyasi zikaota tena. Mwishowe akamfuata Kanga. "Rudini, dada yangu. Kwangu kuna nafasi."

"Nafasi tuliiona, kaka. Kukaribishwa ndiko hatukukuona."

Hata hivyo Kanga alijisogeza, Korongo akapata pa kukaa. Wakamuuliza habari za kwake. Akafungua mdomo, akakosa la kusimulia, kwani siku nyingi hakuwa amezungumza na mtu.