Simu ya Usangi

Namsifu alikuwa katika mwaka wake wa kumi na mbili wa kuishi Vardø, mji mdogo wa pwani kaskazini kabisa mwa Norwe, akifanya kazi katika kiwanda cha samaki. Kila mkazi wa huko alivaa kifaa sikioni. Wewe ulisema lugha yoyote, mwenzako akasikia lugha yake, kwa sauti laini ya kifaa.

Adhuhuri moja, kifaa kikiwa kwa fundi, alimpigia mama yake kijijini Usangi, kwenye milima ya Upare, Tanzania, hivyo hivyo bila kifaa. Kwa miaka yote hiyo, simuni kila mmoja alikuwa akisikia sauti ya kifaa tu. Alitamani sauti yake halisi, ile ya enzi walipochambua maharage jikoni wakicheka mpaka machozi.

Mama alipokea kwa Kipare. Sauti ilikuwa imezeeka, lakini ndiyo yenyewe, na Namsifu akalia. Maneno, ila jina lake tu, hakuyaelewa. Alipojibu, kilimtoka Kinorwe.

Mama akasema taratibu kwa Kiswahili, "Samahani, dada, Kizungu sikijui. Nipe mwanangu, Namsifu."

Namsifu alitafuta neno moja la Kipare, asilipate.

"Ni mimi, mama," akasema hatimaye kwa Kiswahili kizito.

"Asante, dada," mama akajibu kwa upole. "Nitamsubiri."